Pakua somo, kwani ni ugali?

Siku ya kwanza ya kujaribu kozi yetu tulikaa nje ya ofisi ya kijiji, kwenye madawati tuliyoazima shuleni, wahudumu wa afya ngazi ya jamii kumi na kitu, wengi wao akina mama, na mimi na kijana wetu wa IT aliyetoka Dar na laptopu yake. Nikawaambia haya jamani, bonyezeni hapo palipoandikwa "Pakua somo". Kimya. Mama mmoja akamwangalia mwenzake, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka na mimi nikacheka bila kujua nacheka nini, ndo akaniuliza, "Sista, tunapakua somo, kwani ni ugali?"

Sasa wewe unayesoma hapa mtandaoni utasema pakua ndo neno lenyewe, kila simu iliyowekwa Kiswahili inaandika hivyo, na kweli. Ila simu ya yule mama imekuja na Kiingereza na hajawahi kuibadilisha, kwake kupakua ni mwiko na sufuria, basi. Tulibadilisha jioni ileile ikawa "Weka somo kwenye simu". Kijana wa IT kalalamika kwamba maneno yanajaza kitufe chote, nikamwambia acha yajae.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi zahanati miaka kadhaa kabla sijahamia kwenye hizi kazi za kuandaa mafunzo, na mwaka jana shirika moja (silitaji, bado wananidai ripoti) likanipa kazi ya kutengeneza kozi ya mtandaoni ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hawa tunaowaita WAJA, kwenye wilaya moja mkoani Tanga. Mnakumbuka Januari 2024 serikali ilizindua ule mpango wa kuwa na WAJA 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Sasa ukiwa na watu wengi hivyo hata hesabu ya kuwapeleka semina za kujikumbusha inakuumiza kichwa, ukumbi, nauli, posho, chai na maandazi, kwa hiyo kila shirika siku hizi likisikia mtandaoni macho yanang'aa. Nikapewa mwongozo wa kurasa mia na ushee, nikaambiwa ugawe moduli 11, kila moduli slaidi 40, mwisho kwizi, akifaulu anapata cheti. Wiki tatu nikawa nimemaliza tatu za mwanzo, nzuri, zina rangi, zina picha za watu wanaotabasamu. Nilijisifu kweli.

Halafu ndo tukaenda pale kwenye madawati.

Kwenye kuingia tu tulipoteza saa nzima. Mfumo ulikuwa unadai imeli na nenosiri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama. Imeli hawana, na wawili waliokuwa nayo walifunguliwa na mtoto wa jirani siku wananunua simu, hawajui hata inaitwaje. Mama mmoja akauliza kwa nini isiwe kama M-Pesa, naweka namba ya simu halafu namba ya siri. Nikamwangalia kijana wa IT, na yeye akaniangalia. Watu wanatuma na kupokea hela kwa tarakimu nne miaka yote hii na wala hawazisahau, halafu sisi kwa ajili ya somo la kunyonyesha tunawadai alama ya mshangao. Tukabadilisha, na tangu siku hiyo skrini ile haijatuletea shida nyingine.

Simu zenyewe sasa. Tulikuwa tumeuliza kwa njia ya simu kabla ya kwenda, "una simu?", wote wakajibu ndiyo. Hatukuuliza ni simu gani na ni ya nani. Wenye simu janja hawakufika nusu, na kati yao kuna mmoja simu ni ya mume, mume dereva bodaboda, anarudi nayo saa tatu usiku ina chaji asilimia nne. Waliobaki ni vitochi. Na wenye simu janja memori imejaa, ukitaka kuweka kitu kipya lazima ufute, ukifungua unakuta imejaa video za sendoff ya shemeji, nani atazifuta hizo kwa ajili ya slaidi zangu 40?

Lakini kitochi usikidharau. Vingi vinaingia memori kadi na vinapiga mp3, na kila kijiji nilichopita kuna kijana ana kibanda cha kuchaji simu na kurusha nyimbo, ana kompyuta kuukuu imejaa singeli na kaswida na mahubiri, unampa kadi yako anakujazia kwa hela kidogo. Yule mama wa ugali ndiye aliyetuambia nendeni mkampe kijana masomo yenu awe anarusha. Tukaenda. Kijana akatengeneza folda kaliandika MASOMO YA AFYA, kaliweka katikati ya bongo fleva na taarabu, na nakwambia ule ndo mfumo wa usambazaji uliofanya kazi kuliko seva tuliyokuwa tunailipia kwa dola.

Kwa hiyo tukahamia kwenye sauti. Video tulibakiza chache, pale ambapo kitu lazima ukione kwa macho, na ya kuhesabu pumzi ndo iliyonitoa jasho.

Ni hivi. Mtoto anakohoa au anapumua kwa shida, mhudumu anatakiwa ahesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Wa miezi 2 mpaka kabla hajafika miezi 12, zikifika 50 au zaidi anapumua haraka, wa mwaka 1 mpaka chini ya miaka 5 ni 40 au zaidi, hapo unashuku nimonia unampeleka kituoni. Namba hizi WAJA wanazijua, ukimwamsha usiku wa manane anakutajia. Kwenye kwizi yangu walipata wote. Halafu nikawaambia haya, kuna mtoto wa mwenzenu hapa amelala mapajani kwa mama yake, hesabuni, nikaweka saa. Mmoja kapata 38, mwingine 51, mwingine 60 na kitu, na mmoja aliishia katikati kwa sababu mtoto alijigeuza akapoteza hesabu akaona aibu kusema. Mtoto ni mmoja, dakika ni moja.

Yaani nilikuwa nawafundisha namba wanazozijua, na kitu wasichokiweza sikuwa nimekigusa kabisa.

Basi tukarekodi. Mama mmoja zahanati akakubali, tukachukua kifua na tumbo la mwanae tu, sura haionekani, dakika nzima bila kukata. Nikamtumia mhariri Dar. Akanirudishia sekunde 20 zenye muziki wa gitaa chini, anasema dada nimeifupisha ili isichoshe. Nikampigia nikamwambia kaka, ndo kuchosha kwenyewe ninakokutaka, huyu mtu atakaa kwenye mkeka dakika nzima mtoto analia na mama mtu anamwangalia usoni, muziki hautakuwepo. Akairudisha nzima. Tukairusha kwenye grupu la WhatsApp, ikabanwa kule njiani ikafika imekuwa ukungu, tumbo huoni kama linapanda au linashuka, watu wananiandikia "sista huyu mtoto anapumua kweli?" Tukarudi kurekodi upya. Safari hii mtoto kalazwa karibu na mlango mwanga umpige kwa ubavu, shati limepandishwa, chini tumetandika kanga nyeusi, simu imeegeshwa kwenye ndoo isitikisike. Sasa hata ikibanwa tumbo unaliona. Sauti ya jogoo imeingia, tukaiacha. Mara ya kwanza unahesabu mwenyewe unaandika, mara ya pili video inarudi na alama inatokea kila pumzi, unajiona ulipoachia. Kuna mama akaongeza la kwake, anahamisha punje za maharage kutoka mkono huu kwenda mkono huu, kila pumzi kumi punje moja, tukaliingiza kwenye somo.

ORS, ile dawa ya unga ya kuharisha, sitaongea sana, ila lita moja nayo ilitutesa. Picha yangu ilikuwa na jagi lenye mistari ya vipimo, zuri, la plastiki. Hakuna nyumba hata moja kati ya tulizotembelea yenye jagi la mistari. Pakiti inataka lita 1 ya maji safi, ukizidisha maji dawa imekuwa hafifu, ukipunguza maji, chumvi inazidi na hiyo ni hatari kwa mtoto. Kijana wa IT akapendekeza chupa mbili za bia, maana za kwetu ni mililita 500 na zipo kila mahali, nikamwambia kijiji chenyewe msikiti uko hatua ishirini, umpe mtoto dawa kwenye chupa ya bia, utaongea na nani kesho. Tukaishia na chupa mbili za maji za nusu lita, au kidumu cha lita moja cha mafuta ya kula kilichooshwa vizuri, na picha tukapiga hukohuko jikoni kwao. Zinki siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekoma, hilo tuliliimba mpaka likakaa, kwa sababu siku ya tatu mtoto akichangamka vidonge vinapandishwa juu ya kabati.

Sasa nifike kwenye kubemenda, maana hapa ndo kozi yangu ilipovunjika kabisa nikaanza upya.

Moduli ya lishe nilikuwa nimeweka jedwali, upande mmoja "Imani potofu", upande wa pili "Ukweli". Mstari wa kwanza: mtoto amekonda kwa sababu amebemendwa. Kwa wa mbali ambao hawajalisikia, wanasema wazazi wakikutana kimwili kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmojawapo akitoka nje, mtoto anabemendwa, anakonda, anachelewa kutembea. Nikaandika pale upande wa ukweli, kwa ujasiri kabisa, kwamba si kweli, sababu ni upungufu wa chakula na maradhi ya mara kwa mara. Sahihi kitaalamu. Nikawasomea. Wakaitikia ndiyo ndiyo kama watu wa semina wanavyoitikia.

Wakati wa chai yule mama wa ugali (nadhani mmeshamzoea, ana miaka hamsini na kitu, kaanza kazi hii tangu haijaitwa WAJA) akanivuta pembeni. "Mwanangu, wewe ukifika kwa mama mkwe ukamwambia hiyo ni imani potofu, mkeka unakunjwa. Unaambiwa karibu tena, na hurudi." Nikamuuliza sasa mama wewe unasemaje? Akanieleza taratibu huku anachovya andazi. Kwamba mtoto akikonda mama yake anamficha, hamleti kliniki, kwa sababu akimleta watu wataona na wataanza kuhesabu amelala na nani lini. Kumbe aibu ndo inayoua, wala si ujinga, mama anajua kabisa mtoto anaumwa. Kwa hiyo yeye hagusi habari ya kubemenda. Anaingia, anasalimia, shikamoo bibi, anapokea maji, anauliza habari za shamba. Akishakaa anasema, bibi mimi hayo mengine sijaja kubishana nayo, nimekuja na utepe wangu, napima mikono ya watoto wote wa kitongoji, na wa jirani nimeshampima. Anaanza na mtoto mnene kwanza, hilo alilisisitiza, anza na mnene, watoto wengine wakusanyike waone ni mchezo. Halafu ndo huyu.

Utepe wa MUAC mnaujua, una rangi tatu, unapima mzunguko wa mkono wa kushoto katikati ya bega na kiwiko, mtoto wa miezi 6 mpaka 59. Kijani ni sentimita 12.5 kwenda juu, njano ni kuanzia 11.5 mpaka kabla ya hapo, chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, anatakiwa kituoni na huko ndo kwenye chakula dawa. Na unabonyeza nyayo zote mbili kwa juu kwa kidole gumba, pakibaki shimo huo ni uvimbe wa utapiamlo, hata kama utepe umesema kijani unampeleka. "Ikitokea nyekundu," akasema, "simwambii mama kitu, namwonyesha bibi ule utepe. Namwambia bibi, rangi hii haijui nani kalala na nani, inajua chakula tu. Tumpeleke akale, na hayo mengine mtayamaliza wenyewe nyumbani."

Nilisimama pale na kikombe changu nikaona kabisa kwamba moduli yangu ya tatu ni ya kutupa. Huyu mama somo la lishe analo, utepe anao, alichonacho zaidi ni maneno, na maneno hayo hayamo kwenye mwongozo wa kurasa mia, na yule binti wa kidato cha nne aliyeajiriwa juzi ambaye ndo hasa kozi ilikuwa yake hana. Yeye anagonga hodi na jedwali.

Tukaanza upya, safari hii tunaanzia mlangoni. Kila somo ni igizo la sauti la dakika nne au tano, mhudumu anapiga hodi, kuna bibi, kuna mama, kuna mtoto analia, kuna mume anatokea ghafla, mazungumzo yanafika mahali yanakwama, sauti inasimama, "Wewe ungesema nini?" Hakuna A, B, C wala D. Unarekodi jibu lako unatuma kwenye grupu, au kama huna bando mnajadili mlipokaa. Halafu igizo linaendelea kwa njia mbili, moja mhudumu kasema "hiyo imani potofu" mkeka ukakunjwa, nyingine kama alivyosema yule mama. Maneno yake tuliyatumia kwa ruhusa yake ila sauti ni ya mwingine, alikataa yake isisikike, anasema mama mkwe wa kweli yupo na ana simu.

A, B, C, D zenyewe nilizifuta kwa raha. Kwenye kwizi za mwanzo kila mtu alikuwa anapata juu ya 80 mpaka nikawa na grafu ya kupeleka kwa wafadhili, halafu binti mmoja akaniambia kwa upole, "Sista, mimi hata sisomi, naangalia jibu refu." Nikakagua maswali yangu. Kweli kabisa, nilivyokuwa naogopa jibu sahihi lisipungukiwe kitu nimelirefusha kila mahali, moduli zote tatu. Na mama mwingine kwizi zake zilikuwa zinafanywa na mwanae wa darasa la saba, kijana kapata cheti cha afya ya mama na mtoto kabla ya mtihani wa taifa.

Shirika halikufurahi mwanzoni. Waliniuliza sasa tutapimaje, mfumo hauwezi kusahihisha sauti. Ni kweli hauwezi. Nikawaambia asahihishe mganga mfawidhi wa zahanati, au nesi, Jumamosi moja kwa wiki mbili, wakae nao wasikilize. Wakasema basi hiyo si ya mtandaoni tena. Tulivutana kama wiki mbili, na mwisho nikawapigia hesabu nikawakumbusha kitu ambacho bibi yangu mzaa mama bado anakisimulia, ile kampeni ya elimu ya afya ya Mtu ni Afya ya 1973. Wiki 12, redio, vitabu, na vikundi, watu wazima kama milioni 2 nchi nzima. Bibi anasema walikuwa na redio moja kwa kikundi, wanasikiliza, kinasomwa kitabu, wanabishana, halafu kabla hawajaachana wanakubaliana wiki hii tunafanya nini, kama ni choo kila mtu anaenda kuchimba choo. Hakuna aliyesema kwa kuwa kuna redio basi kikundi cha nini. Sisi tuna simu zenye nguvu mara elfu ya ile redio halafu tunataka kila mtu akae peke yake na slaidi.

Wakakubali kwa majaribio. Sasa hivi ni watu watano sita, simu janja moja inatosha, spika juu ya stuli, masomo yanatoka kwenye grupu au kwa kijana wa nyimbo, na kila somo linaisha na kazi ya wiki, nyumba tatu, kitu kimoja. Namba 199 ya wizara ya afya tumeirekodi mwisho wa kila faili kwa sababu ni bure na watu wanaisahau.

Posho imebaki. Nisijifanye haipo. Semina ya wilayani ina bahasha, ya chini ya mwembe haina, na kuna watu walikuja mara mbili wakaacha, na mimi siwalaumu, mtu ameacha genge lake la nyanya Jumamosi nzima. Tumepata hela ya soda na vocha, nimeandika barua ya kuomba zaidi, imeulizwa maswali, nimejibu, imeulizwa tena.

Wiki ijayo tunarekodi la degedege, na hili nalo ni gumu kama kubemenda, maana mtoto akikakamaa mguu wa kwanza unaenda kwa mganga wa kienyeji na zahanati inakuja baadaye. Nahitaji sauti ya bibi mkali wa kukatalia mlangoni. Nimempata, jirani wa yule mama, tulimjaribu juzi akafoka mpaka jirani wa kweli akaja kuuliza kuna nini. Shida ni kwamba ameshasikia bajeti, na anataka posho ya siku mbili kwa kazi ya dakika tano, anasema hiyo hasira hawezi kuitoa mara moja tu.